Alizeti Haitaki Mbolea Kama Mahindi

Mzee mmoja wa upande wa Kieni alifika ofisini petu na vichwa viwili vya alizeti ndani ya gunia. Kimoja kilikuwa kikubwa kama sinia, nacho ni chake; kidogo ni cha jirani. Ajabu ni kwamba jirani ndiye aliyepata mafuta mengi mashineni. Tena nusu ya alizeti ya mzee ilikuwa imeangushwa na upepo wa mlimani.

Tulipomwuliza, alisema alitia mifuko mitatu ya CAN katika eka moja: miwili mimea ilipofika magotini, wa tatu maua yakichanua. Na shamba lenyewe lilikuwa limetoka viazi vilivyotiwa mbolea!

Ndugu mkulima, naitrojeni hukuza majani na shina. Ikizidi, shina hurefuka na kuwa laini, magonjwa ya majani huongezeka, na mbegu hujaza protini zaidi, sehemu ya mafuta ikapungua. Ile inayotiwa wakati wa maua imechelewa, kwa maana alizeti hula sehemu kubwa ya naitrojeni yake kabla ya kuchanua.

Sasa tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una naitrojeni kilo 13 hivi. Wa yurea una 23. Wakati wa kupanda, mfuko mmoja wa DAP kwa eka hutoa kilo 9. Ichanganywe na udongo isiguse mbegu, maana huichoma. Baadaye mfuko mmoja wa CAN watosha. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, una mimea kama 18,000 katika eka, basi kila mmoja hupata chini kidogo ya gramu 3, yaani nusu ya kifuniko cha soda. (Mimi hupima hivyo hivyo, kiganja hudanganya.)

Itie baada ya palizi, mimea ikiwa magotini, kitumba cha ua hakijaonekana, na udongo una unyevu. Yurea lazima ifukiwe, la sivyo sehemu yake hupotea hewani.

Penye viazi vya jana, punguza CAN iwe nusu mfuko. Mzee wetu ameamua kuacha mistari minne bila CAN kabisa, apeleke mbegu zake mashineni peke yake.