Printa ya Ofisi: Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?

Shikeni kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Tuseme ninyi ni kamati ya chama cha ushirika. Printa ya ofisi ni ya zamani, karatasi zinakwama, na mkulima aliyekwisha kupima pamba yake anangoja stakabadhi mpaka jioni. Karani anataka printa mpya. Mweka hazina anakataa, kwa kuwa fedha ni za wanachama. Je, nani ana haki?

Tazameni kwanza ugonjwa wenyewe. Karatasi zikikwama kila mara, pengine mipira inayozivuta imechakaa nayo inateleza. Hicho ni kipuri kidogo. Lakini maandishi yakifutika kwa kidole, huenda imechoka ile sehemu ya joto inayoyeyusha wino wa unga, yaani tona, ushike karatasini. Hiyo ni ghali zaidi. Mwulizeni fundi bei kabla ya kugombana.

Sasa hesabu. Tuseme tona ya printa yenu ni shilingi 60,000, nayo huchapa kurasa 1,500. Gawanyeni: kila ukurasa ni shilingi 40. Printa mpya ni shilingi 600,000. Tona yake ni shilingi 120,000, lakini huchapa kurasa 6,000. Kila ukurasa ni shilingi 20. Mmeona? Tona ya bei kubwa ndiyo iliyo rahisi!

Mkichapa kurasa 2,000 kwa mwezi, mtaokoa shilingi 40,000. Baada ya miezi 15 printa mpya imerudisha bei yake. Karani ana haki. Mkichapa kurasa 200 tu, mtaokoa shilingi 4,000, na mtangoja miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Hapo mwiteni fundi, mweka hazina alale usingizi. Ila vipuri na tona vikiwa havipatikani tena madukani, hesabu hii haina kazi, nunueni mpya.

Msiitegemee sana idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona. Hupimwa kwa ukurasa wenye wino kidogo, na picha hula wino mwingi. Hesabuni wenyewe. Printa nyingi za ofisi huweza kuchapa karatasi yenye jumla ya kurasa zote ilizokwisha kuchapa. Itoeni leo, mtoe nyingine baada ya siku 30. Kisha toeni namba ndogo katika namba kubwa, mje na jibu darasani.