Kutoka Keroka hadi Chalbi kwa Nauli ya Matatu

Mji wa Keroka una mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Mpaka wa kaunti hizo mbili unaupitia katikati, na siku ya soko huwezi kujua umeuvuka saa ngapi, maana macho yote yako kwenye kutafuta pa kukanyaga: mikungu ya ndizi, marobota ya mitumba, magunia ya parachichi, kina mama wamekaa goti kwa goti. Nimeuchagua uwe mwanzo wa safari hii ya kufuata rekodi za nchi yetu kwa sababu rekodi ya kwanza tunaishi ndani yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Ni Nairobi, Mombasa na Vihiga tu zilizobanana kuliko hapo. Nyamira ilikutwa na watu 605,576. Maana ya hesabu hizo haihitaji mtaalamu kwetu. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka ndugu wanapima mipaka kwa hatua za miguu, na ng'ombe anakatiwa nyasi za nepia akaletewa zizini kwa kuwa hana pa kwenda kulisha.

Sensa hiyo hiyo iliikuta Marsabit na watu 6 kwa kilomita ya mraba, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya. Kutoka 950 hadi 6 ni siku mbili au tatu za barabara, na sehemu kubwa ya njia hiyo inapitika kwa gari la abiria. Nimeipita. Ninaandika kwa sababu inaniuma kusikia vijana wa kwetu wakisema kwamba kutalii ni kwa Wazungu na wenye Land Cruiser. Vitu vikubwa kupita vyote katika nchi hii ni vya mwenye kitambulisho cha Kenya, chupa ya maji na subira ya kungoja matatu ijae.

Anza karibu. Katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Ina kilomita za mraba 120 tu, lakini ina sifa ambayo Tsavo na Mara hazina: ndiyo mahali pekee nchini Kenya wanapoishi korongo porini. Korongo ni swala mkubwa, mwenye masikio marefu na uso wa weusi na weupe kama aliyevaa barakoa. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu. Fikiri hapo. Darasa moja la shule ya msingi Nyamira lina watoto wengi kuliko korongo wote wa Kenya. Bonde lilitengwa kwa ajili yao mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa 1983, ila mlinzi wao wa kwanza alikuwa mbung'o. Lambwe iliogopwa kwa ugonjwa wa malale; watu wakakaa mbali pamoja na ng'ombe wao, na nyasi zikabakia kwa wanyama. Kutoka Kisii unapanda matatu ya Homa Bay kupitia Rongo. Ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu, kwa hiyo tafuteni wenzenu wanne watano mchange pesa za gari la kukodi. Kiingilio cha hifadhi za Shirika la Wanyamapori (KWS) hulipwa kwa tovuti ya serikali ya eCitizen, si kwa noti mlangoni, na raia hutozwa kidogo kuliko mgeni. Lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri.

Ukiwa upande huo, shuka hadi Migori ukaone Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe makavu, jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na yanadhaniwa kuanza kujengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na kati ya maboma ya aina hiyo yaliyobaki katika eneo la Ziwa Victoria, hilo ndilo kubwa na lililohifadhika vizuri kuliko yote. UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta ule niliwakumbuka wachongaji wetu wa Tabaka, ambao nao wanalijua jiwe kwa vidole kabla ya kulijua kwa macho.

Maasai Mara iko nyuma tu ya Kilgoris, na wakati wa kuhama kwa nyumbu ndipo panapoonekana mojawapo ya misafara mikubwa kabisa ya wanyama wa nchi kavu duniani. Lakini si ya mfuko mwepesi. Mara si hifadhi ya taifa, iko chini ya Kaunti ya Narok, na bila gari lako mwenyewe gharama hupanda upesi. Iache kwa mwaka mwingine.

Panda sasa kuelekea mashariki. Matatu inapita kwenye majani chai ya Nyamira, kisha ya Kericho, na ni vizuri kujua kwamba kijani hicho chote ni sehemu ya rekodi, kwani hakuna nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko Kenya. Nakuru unabadilisha gari. Mwenye siku mbili tu za likizo ashuke Naivasha aende Hell's Gate, kilomita za mraba 68, mojawapo ya hifadhi chache nchini unamoruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli. Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Kupita kando ya pundamilia ukiwa juu ya baiskeli, bila kioo kati yenu, ni furaha ambayo sijaipata kwingine, na kwangu hakuna hifadhi inayokurudishia thamani ya shilingi yako kama hiyo.

Kisha Nanyuki, na mlima. Mlima Kenya una mita 5,199, wa kwanza nchini na wa pili Afrika baada ya Kilimanjaro wenye 5,895. Kilele cha juu kabisa, Batian, ni cha wapanda miamba wenye kamba. Halford Mackinder akiwa na César Ollier na Josef Brocherel walikifikia mwaka 1899. Wetu sisi wa miguu ni Lenana, mita 4,985, na huko ndiko Kisoi Munyao alikoipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Ninamtaja kwa sababu watoto wengi wanalijua jina la Mackinder kuliko lake.

Gharama ya mlima iko mahali watu wasipopatarajia: nguo. Usinunue dukani. Nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku ya kufungua marobota, uchague taratibu. Makoti ya theluji ya Ulaya yanauzwa pale na watu ambao hawana haja nayo. Nilipata langu na glavu ndani ya mfuko. Nendeni kundi, mgawane malipo ya mwelekezi, mbebe unga na njugu karanga zenu. Na mpande polepole. Kuzaliwa Kisii kwenye mita 1,700 hakumkingi mtu na maradhi ya mwinuko. Nilimwona kijana mwenye kifua cha mchezaji wa raga akirudishwa akiwa ameshikwa mabega, wakati mama mmoja wa makamo aliyekwenda kwa mwendo wa konokono alifika kabla ya jua.

Ukitoka Isiolo, nchi inafunguka. Zamani njia ya kwenda Moyale ilikuwa ya malori na vumbi la siku mbili. Sasa ni lami, na basi linafika Marsabit kabla hujamaliza ndizi ulizobeba. Mji huo uko juu ya mlima wenye msitu na ukungu katikati ya nchi kavu. Humo aliishi Ahmed, ndovu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Pembe zake zilikuwa na kilo 67 hivi kila moja. Alikufa 1974 kwa uzee, na wazee wa Marsabit bado humzungumzia kama mkazi wa mji.

Kuanzia hapo, sahau ratiba. Magari si ya kila siku, na abiria huketi juu ya mizigo. Uliza kituo cha polisi na madereva kuhusu usalama wa njia kabla ya kuondoka, na ukiambiwa ngoja, ngoja. Nilikosa lori moja kwa dakika chache nikalala siku mbili Laisamis. Njia inayotoka huko kwenda Loiyangalani, mji wa ufuoni, inapita chini ya mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Hakuna shamba la upepo kubwa kama hilo nchini. Upepo unaoizungusha ndio utakaokunyima usingizi usiku kucha.

Halafu mawe meusi ya volkano yanaisha ghafla na chini yako kuna maji. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani kati ya yale ya kudumu yaliyo jangwani. Lina kilomita za mraba 6,400 hivi, yaani Kisii na Nyamira zingeingia ndani yake karibu mara tatu. Maji yake ni ya magadi, yanateleza vidoleni kama yana sabuni. Upande wa pili, Nariokotome, Mkenya Kamoya Kimeu aliona mwaka 1984 kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, na kilichofukuliwa baadaye ni mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, mojawapo ya mifupa kamili kuliko yote ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana. Ziwa lenyewe limo hatarini. Maji yake mengi hutoka Mto Omo wa Ethiopia, na baada ya bwawa la Gibe III kujengwa huko, UNESCO iliziweka hifadhi za taifa za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Mtoto wa jamii ya El Molo aliyenionyesha alama ya ufuo wa zamani hakuzungumza kwa hasira. Alionyesha tu kwa fimbo.

Nilirudi kwa lori la kupitia North Horr, na hapo ndipo nilipoingia Chalbi, ambalo wengi huliita jangwa pekee la kweli nchini. Zamani lilikuwa ziwa. Sasa ni bamba la chumvi lisilo na jani, na mchana mazigazi huweka maji pasipo na tone. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Huku ni bahati kupata sehemu ya kumi yake.

Tulipumzika Kalacha, penye chemchemi na mikoma. Mzee mmoja wa Kigabra aliniuliza, kijana wake akitafsiri, kwetu ni wapi na tuna ardhi kiasi gani.

"Mzee, yangu ni moja ya nane ya ekari," nikasema.

Hakuelewa. Tukatoka hadi ukingoni mwa chumvi nikampimia kwa miguu kama tunavyopimiana nyumbani, hatua kumi na saba upana, thelathini na tatu urefu, nikaweka jiwe kila pembe. Akayazunguka mawe yote manne bila haraka, akarudi, akasimama katikati na kutazama kule jangwa lilikoishia.

"Na mifugo inakaa wapi?"

Nikamweleza habari ya ng'ombe mmoja, zizi na nepia. Alinyamaza kidogo, akamwita kijana wake, akamtuma akaniletee maziwa ya ngamia.