Zawe Ashton: Mjukuu wa Muwanga aliyengoja jina kwa miaka 20

Zawe Ashton alizaliwa London mwaka 1984, mama yake akiwa Mganda na baba yake Mwingereza. Babu yake mzaa mama, Paulo Muwanga, aliongoza Uganda mwaka 1980. Zawe hakufuata siasa. Akiwa na miaka 6 alianza masomo ya kuigiza, na angali mtoto akaonekana kwenye televisheni. Lakini nafasi nyingi alizopata hapo zilikuwa ndogo ndogo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 27, ndipo tamthilia ya Fresh Meat ikampa jina, akicheza Vod, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa vijana wa Kasongo na Kabambare, ambako baadhi ya jamaa zina damu mchanganyiko tangu enzi za Waarabu, safari yake yafundisha kuvumilia.