Mzigo Mkubwa Katika Njia Nyembamba

Ndugu msomaji aliyepata kusimama kando ya barabara ya shamba siku inapopitishwa mashine kubwa atakuwa amejionea mambo. Mbele hutangulia gari lenye bendera nyekundu na taa ya kumetameta. Askari husimamisha mabasi na baiskeli. Kisha huja trela ndefu, yenye magurudumu yasiyohesabika kwa haraka, na juu yake kitu kilichofungwa minyororo, kipana karibu kuliko barabara yenyewe. Watoto humshangilia dereva. Walakini macho ya wenye kazi hayaitazami ile mashine. Utingo huyatazama magurudumu ya nyuma yanayokanyaga ukingo wa mtaro. Mwenye bendera hutazama waya na matawi ya miembe juu. Na fundi aliyetangulia kwa miguu alikwisha kulipima daraja kabla ya wengine kuwasha injini. Kwa maana barabara ya maili mia haipimwi kwa upana ilio nao mahali pengi. Hupimwa pale palipo pembamba kuliko pote, na kwa kalvati iliyo dhaifu kuliko zote. Mzigo ukikwama hapo, zile maili tisini na tisa zilizo njema hazisaidii kitu.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu safari moja ya mizigo mikubwa iliyopitishwa katika bara letu zaidi ya miaka mia iliyopita, tena si mbali nasi, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika. Habari yake imeandikwa mara nyingi na kusomwa na watu wengi. Lakini twaona kwamba wengi waliosimulia habari hiyo waliwatazama waliopanda juu ya mzigo, wasiwatazame waliokuwa chini yake.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka katika mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani walioitawala Tanganyika ndio waliokuwa mabwana wa ziwa. Walikuwa na meli mbili ndogo, Hedwig von Wissmann na Kingani, na mwezi ule ule waliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji waliokuwa wakitawala Kongo. Zaidi ya hayo, walikuwa wakiunga pale Kigoma meli kubwa iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika mwaka wa 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Katika Februari 1915 ilishushwa majini. Hiyo ni akili moja ya kupitisha kitu kikubwa katika njia ndogo: mzigo hupunguzwa mpaka utoshe njia, na kazi kubwa ya kuunga huachiwa mafundi mwisho wa safari.

Waingereza walishika akili nyingine. Katika Aprili 1915 mwindaji mmoja aliyeijua nchi hii, jina lake John Lee, alikwenda kwa wakubwa wa jeshi la majini mjini London akawapa shauri kwamba boti za injini zipelekwe nzima nzima mpaka ziwani, kwa kuingilia kusini na kupitia Kongo. Shauri likakubaliwa. Zikachaguliwa boti mbili, kila moja yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 8, na uzito wa tani nne na zaidi. Ofisa aliyekabidhiwa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alizipa majina ya Mimi na Toutou, ambayo katika Kifaransa ni majina ya kitoto ya paka na mbwa. Msomaji wa Kiswahili akisikia boti inaitwa Mimi atafikiri mengine, na pengine hatakosea sana.

Boti ziliondoka Uingereza katika Juni 1915, zikafika Cape Town kwa meli, na kutoka huko zikapanda gari la moshi hadi Fungurume katika Katanga. Hapo pakawa mwisho wa kusafiri kwa raha. Reli nyingine ndogo ilianzia Sankisia, na kati ya vituo hivyo viwili palikuwa na maili 146 hivi, yaani kilomita 235, za msitu, vijito, makorongo na milima ya Mitumba, ambako msafara ulipaswa kupanda mpaka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Njia zilizokuwako zilikuwa za miguu, za mtu mmoja kufuata nyuma ya mwenziwe. Katika njia za namna hiyo ndimo ilimobidi ipite boti yenye upana wa futi nane juu ya magurudumu.

Basi ilibidi njia ipanuliwe. Wenyeji wa nchi walikusanywa kwa mamia kutoka vijiji vyao. Katika utawala wa Wabelgiji mtu wa kijijini alipoitwa na serikali hakuulizwa kama anapenda, wala kama shamba lake limekwisha kulimwa. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakavunja mawe, wakajaza makorongo, wakajenga madaraja ya magogo zaidi ya 100. Aliyepata kufanya kazi ya barabara kwa jembe na shoka atajua uzito wa maneno hayo machache. Kukata mti si kazi. Kazi ni kung'oa kisiki chake, kwa maana kisiki kilichobaki nusu futi juu ya ardhi huvunja ekseli kama vile jiwe. Tena ilikuwa lazima yote yamalizike kabla ya mvua, kwa kuwa udongo ule ukilowa hapiti mtu na gurudumu.

Boti zilikokotwa na magari mawili ya mvuke, kila moja likiwa na uzito wa tani kumi hivi. Na hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili wasimamizi wa kazi husahau hata leo: chombo cha kukokotea kilikuwa kizito kuliko mzigo wenyewe. Daraja lililotosha kuivusha boti halikutosha kulivusha gari la kuikokota. Magogo yalididimia, kingo zilibomoka, magari yaliteleza nje ya njia, na kila mara watu walishuka na kuyanyanyua kwa magogo na kwa mabega, kisha wakaanza tena kuimarisha mahali pale pale walipokwisha kutengeneza. Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mtu hujisifia injini yake yenye nguvu, naye hajauliza kama barabara itaichukua.

Tena gari la mvuke lina kiu na njaa. Kuni zilikatwa na kupangwa mbele ya msafara ili moto usizimike. Maji nayo yalikuwa taabu kubwa zaidi, kwani msimu ulikuwa wa kiangazi na vijito vingi vilikuwa vimekauka. Wakaitwa wanawake wa vijijini, wakayachota mbali, wakayaleta kwa vyombo vichwani mwao, yakamiminwa ndani ya mashine. Hebu msomaji afikiri: nchi ina ukame, mama ana watoto nyumbani, naye achukua maji vichwani kuinywesha mashine ya vita vya watu wengine. Katika safari nzima hatuoni jambo lenye kutufikirisha kuliko hilo.

Penye mwinuko mkali magari ya mvuke yalishindwa. Ndipo walipotumiwa maksai, na maksai nao waliposhindwa, zikatumiwa kamba na kapi zilizofungwa kwenye miti mikubwa ya juu, hivi kwamba wanyama walitelemka huku boti ikipanda. Akili hiyo ni nzuri, nasi hatuwanyimi sifa waliopanga. Kutelemka upande wa pili hakukuwa kwepesi. Kila dereva wa lori ajua kwamba mlima hukujaribu wakati wa kupanda, na hukuua wakati wa kushuka. Mzigo uliovutwa kwa taabu sasa hutaka kumkimbilia aliyeuvuta. Huko watu walizishikilia boti kwa kamba, hatua kwa hatua, wakizungusha kamba katika mashina ya miti ili zisiponyoke.

Msafara ulioanza kutoka Fungurume katikati ya Agosti ulifika Sankisia tarehe 28 Septemba 1915. Ukigawanya njia hiyo kwa siku walizotumia, utaona kwamba hawakufikisha kilomita sita kwa siku. Kutoka hapo walikwenda kwa reli hadi Bukama, wakashuka mto Lualaba uliojaa mafungu ya mchanga, boti zikifungwa mapipa pembeni ili zielee juu zaidi, wakapanda reli tena, na mwishoni mwa Oktoba wakaliona ziwa. Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Ile Graf von Götzen Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma katika Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito. Waingereza wakaiibua katika mwaka wa 1924, na tangu 1927 watu wa Kigoma wakaijua kwa jina la Liemba.

Spicer-Simson alipewa nishani. Waandishi waliandika vitabu. Katika mwaka wa 1935 C. S. Forester alitoa riwaya yake The African Queen, ambayo mwanzo wake ulikuwa katika habari za vita hivyo vya ziwani, na mwaka wa 1951 ikafanywa filamu iliyopendwa sana duniani. Msomaji aliyeiona atakumbuka kwamba ndani yake chombo kinafikishwa ziwani na Wazungu wawili peke yao, mwanamume na mwanamke. Mamia ya wakata miti hawamo. Wanawake wachota maji hawamo. Hata milima haimo! Wasimulizi ni huru kubuni, nasi hatuna ugomvi na hadithi. Lakini vitabu vyenyewe vya historia vimehifadhi majina ya maofisa mmoja mmoja, na za maksai idadi, na waliojenga njia huitwa tu "wenyeji". Na njia ile haikukatwa ili mkulima wa Katanga apeleke muhogo wake sokoni.

Pengine msomaji atasema, hayo ni ya zamani, ya ukoloni, yamekwisha. Basi na tutazame safari nyingine, ya siku hizi na ya nchi huru. Karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, kwenye nchi kavu iliyo jirani na Ziwa Turkana, ilisimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye jumla ya megawati 310. Mapanga, minara na vichwa vya mitambo vilishushwa bandarini Mombasa, vikasafiri kwa malori kiasi cha kilomita 1,200. Sehemu ya mwisho, kuanzia Laisamis, ilikuwa njia mbovu ya mawe na michanga. Zikatengenezwa kilomita 208, kwa msaada wa fedha za Uholanzi, kabla mizigo haijapita.

Wahandisi wa kazi ile walifanya jambo la busara ambalo wale wa mwaka 1915 hawakulifanya. Waliitazama njia kwanza, ndipo wakachagua mashine. Dunia ilikuwa na mitambo mikubwa zaidi. Wao wakachukua ile ya kilowati 850, yenye mapanga ya mita 25 hivi na minara ya mita 44, na sababu moja waliyoitaja ilikuwa hiyo hiyo ya barabara na winchi za kuinulia. Panga la mita 60 katika kona za kaskazini ya Kenya ni maombolezo. Madereva na matingo waliofanya safari hizo kwa maelfu ya mizigo wastahili heshima, maana kulinda panga moja refu lisiguse mwamba wa kona, kutwa nzima, katika jua la kule, ni kazi ya ufundi mkubwa. Mitambo ilikuwa imekamilika katika mwaka wa 2017. Lakini waya wa kuchukulia umeme, wenye urefu wa kilomita 428 hadi Suswa, haukuwa tayari mpaka Septemba 2018, na kwa muda wote huo serikali ilidaiwa fidia ya umeme usiotumika. Ni ajabu kwamba vyuma vyote viliweza kupita jangwani kwa wakati, na waya ukachelewa.

Barabara ilibaki, na hilo ni jema. Mfugaji anayetoka Loiyangalani kupeleka mbuzi wake Laisamis hakai tena njiani kama alivyokaa zamani, na mgonjwa hufikishwa hospitali akiwa hai. Tofauti na Mitumba ni kubwa, na mwenye haki ataikubali.

Hata hivyo kuna swali ambalo halikupata jibu pamoja na barabara. Nchi ile ina wenyewe: Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo. Kampuni ilipewa hati za ekari 150,000, na kijiji cha Sarima kilihamishwa ili kazi ipite. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani Meru katika mwaka wa 2014, kabla mtambo wa kwanza haujasimamishwa, wakidai kwamba ardhi yao ilitolewa wao wasiulizwe ipasavyo. Hukumu ilitoka Oktoba 2021. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hati zile zilipatikana bila kufuata sheria. Siku hiyo malori yalikuwa yamekwisha kurudi Mombasa zamani, na mitambo yote 365 ilikuwa ikizunguka.