MIKONO ISIYOJUA HUDHURU
Mwanafunzi wa masaji hufundishwa nini?

Hivi karibuni mama mmoja alinifuata baada ya kliniki ya watoto, uso umejaa mashaka. "Shikamoo, sista. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, anataka kwenda mjini kusomea masaji. Baba yake amekataa katakata, anasema hiyo si kazi bali ni uhuni. Wewe wasemaje?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Wazazi wengi wanalo. Leo namjibu yeye pamoja nanyi nyote.

Kukanda si jambo geni kwetu. Mzazi akijifungua hukandwa kwa maji ya moto. Kijana akiteguka mguu hupelekwa kwa mzee ajuaye kuchua. Babu akiumwa mgongo, mjukuu humpaka mafuta. Lakini kukanda kwa mazoea ni jambo moja, na kukanda kwa kujifunza ni jambo jingine.

AIBU YA ZAMANI NA WAUGUZI WANNE

Hofu ya baba yule haikuanza leo. Mwaka 1894, mjini London, gazeti la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya nyumba zilizojiita za masaji zilikuwa za ukahaba. Aibu hiyo iliwaangukia hata wale waliokuwa wakiwakanda wagonjwa kwa haki.

Wauguzi wanne hawakukubali kazi yao ichafuliwe. Hao ni Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer. Mwaka huohuo walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na masharti makali. Mathalani, mwanachama hakuruhusiwa kumkanda mgonjwa bila maelekezo ya daktari. Chama hicho kilikua, na tangu mwaka 1944 kinajulikana kama chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Basi tunaona kwamba dawa ya aibu haikuwa kuiacha kazi, bali ni elimu na masharti.

KWANZA MWILI, MIKONO BAADAYE

Chuo kizuri hakimwanzishi mwanafunzi kwa mafuta na kitanda, bali kwa daftari. Hujifunza mifupa 206 ya mtu mzima, misuli zaidi ya 600, maungio, mishipa ya fahamu, na jinsi damu inavyozunguka. Katika jimbo la New York huko Marekani, sheria inadai saa 1,000 za mafunzo kabla mtu hajapewa leseni.

Kwa nini yote hayo? Chukua mfano mmoja. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda, na ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kukaza mkono anapokwenda kuelekea moyoni, na kuulegeza anaporudi. Asiyejua hilo husugua ovyo juu na chini.

Baada ya hapo huja mikono yenyewe. Katika masaji iitwayo ya Kiswidi kuna namna tano kuu:

1. Kuteleza: viganja vyote hupita polepole juu ya ngozi yenye mafuta, ili mwili ulegee.
2. Kukanda: msuli hushikwa, huinuliwa na kuminywa kama unga wa chapati.
3. Kusugua: ncha za vidole au dole gumba huzunguka mahali padogo palipokaza.
4. Kupigapiga: kwa kando ya viganja, kwa wepesi, wala si juu ya figo au uti wa mgongo.
5. Kutetemesha: mkono hutikisa msuli kwa haraka na kwa upole.

Hali kadhalika hufundishwa kusimama vizuri, magoti yamekunjwa kidogo, na kutumia uzito wa mwili badala ya nguvu za vidole. Asiyejifunza hilo huharibu vidole gumba na mgongo wake mwenyewe mapema.

KUJUA MAHALI PA KUTOGUSA

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa wodini mzee mmoja akihema kwa shida. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima, mguu mmoja ukavimba na kuuma nyuma ya goti. Watu wa nyumbani, kwa upendo kabisa, walimchua kwa mafuta ya moto siku mbili. Ile ilikuwa damu iliyoganda ndani ya vena. Bonge likang'oka, likasafiri hadi mapafuni. Hatukuweza kumwokoa.

Sisemi kwamba kuchuliwa ndiko kulikomuua, maana bonge huweza kung'oka lenyewe. Lakini mtu aliyefunzwa, akiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, haugusi kabisa. Hupeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.

Aidha, mwanafunzi hufundishwa kutomkanda mtu mwenye homa, kutogusa penye vidonda, upele wa kuambukiza au mfupa uliovunjika, na kuuliza kwanza kama mtu ana saratani, mifupa dhaifu au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mguu ulioteguka leo hauchuliwi leo. Huinuliwa, huwekewa kitambaa cha maji baridi, na mgonjwa akishindwa kuukanyagia apelekwe akapigwe picha.

Kwa mama mjamzito naomba mnisikilize vizuri. Kukandwa mgongo na mabega taratibu, amelala kwa ubavu, kunaweza kumpumzisha. Lakini kumminya tumbo kwa nguvu ili "kumnyoosha mtoto" ni hatari. Kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, damu ikatoka, na tukapoteza mama na mtoto. Mtoto akiwa amekaa vibaya, mahali pake ni hospitali.

Tena mwanafunzi mwaminifu hufundishwa kutoahidi makuu. Masaji inaweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa muda, kulegeza misuli na kutuliza wasiwasi. Haiponyi malaria, kisukari wala shinikizo la damu. Anayekuambia uache vidonge vyako kwa sababu amekukanda, mkimbie.

HESHIMA NI SEHEMU YA MASOMO

Hapa ndipo baba yule alipokuwa na wasiwasi, na ana haki. Mwanafunzi hufundishwa kukata kucha, kunawa mikono kabla na baada, kubadili shuka kwa kila mtu, na kuuliza kama mafuta yanamdhuru mteja, maana wapo wasiopatana na mafuta ya karanga. Hufundishwa kumfunika mtu shuka mwili mzima na kufunua sehemu ile tu anayoikanda. Sehemu za siri hazifunuliwi wala haziguswi. Mteja akisema "basi", mkono huondoka mara moja. Na mkandaji naye ana haki ya kusimamisha kazi na kutoka, mteja akianza utovu wa adabu. Siri za mteja hubaki chumbani.

Si kazi ya wanawake tu, wala ya wenye macho tu. Nchini Japani, tangu karne ya 17 wasioona wamefundishwa kukanda wakapata riziki yao, na hadi leo shule zao zinafundisha kazi hiyo.

KABLA HUJALIPA ADA

Mzazi, nenda mwenyewe ukakione chuo, na uulize haya:

- Je, kimesajiliwa? Hapa Tanzania uliza NACTVET. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni TVETA.
- Masomo ni ya muda gani, na mwili wa binadamu unafundishwa na nani? Cheti cha wiki mbili hakitoshi.
- Mazoezi hufanyika wapi, na nani husimamia?
- Waliomaliza wanafanya kazi wapi? Omba kuzungumza na mmoja wao.

Mtu akimwahidi binti yako "kazi ya masaji" ng'ambo bila mafunzo, bila mkataba, na kutaka kushika pasipoti yake, hiyo si kazi. Ni mtego. Mwaripoti polisi.

Kama kijana anapenda zaidi kuwasaidia waliopooza au waliovunjika, ajue kwamba hiyo ni fiziotherapia, masomo ya miaka kadhaa yanayotaka ufaulu mzuri wa sayansi. Asichanganye mambo hayo mawili.

Nilimweleza mama yule yote haya, akayapeleka nyumbani. Wiki iliyopita alirudi. Baba bado hajakubali, lakini amekubali kupanda basi pamoja na binti yake, wakakione chuo kwa macho yao. Nami naona hapo ndipo pa kuanzia.