Kikuza sauti kimoja kwa magitaa mawili: kipi kinunuliwe?

WAPIGA gitaa wengi wa mijini, hasa wanaopiga katika bendi Jumamosi na kanisani Jumapili, hujikuta na magitaa mawili na fedha za kikuza sauti kimoja tu. Gitaa la umeme hudai chombo chake, na gitaa kavu, ambalo wapigaji wa zamani huliita galatoni, hudai chake. Anayenunua kwa kufuata wingi wa wati peke yake aghalabu hurudi nyumbani na chombo kinachopendeza kwa gitaa moja na kuliaibisha jingine.

Kiini cha tatizo ni spika. Kikuza sauti cha gitaa la umeme hakikuundwa kupeleka sauti kama ilivyo. Chenyewe ni nusu ya ala. Spika yake, kwa kawaida ya inchi 10 au 12, haina twita, na hupunguza kwa kasi sauti nyembamba zinazozidi takriban mitetemo 5,000 kwa sekunde. Upungufu huo ndio unaoliokoa gitaa la umeme, kwa kuwa mkwaruzo wa roki usipochujwa husikika kama nyuki ndani ya debe.

Gitaa kavu linahitaji kinyume chake. Utamu wake umo katika mguso wa kucha juu ya nyuzi na mvumo wa mbao zake. Likichomekwa kwenye chombo cha umeme, sauti nyembamba humezwa na zile za kati huvimba, likasikika kama redio iliyofunikwa blanketi. Ndiyo maana vikuza sauti vya gitaa kavu huwa na twita, tena huundwa visiongeze ladha yao.

Sauti iliyopo inaweza kuchujwa, lakini ile ambayo spika haiwezi kuitoa hairudishwi kwa kuzungusha kitufe. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua kimoja ni afadhali achukue kile cha gitaa kavu, kisha aongeze pedali ya gitaa la umeme inayoiga pia spika ya inchi 12. Pedali ya mkwaruzo isiyo na uigaji huo haitafaa kitu. Nyuki watabaki debeni.

Kwa wapigaji wa muziki wa dansi, gharama hiyo huweza kuwa ndogo. Gitaa la dansi la Tanzania na la rumba ya Kongo, tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe na Franco, limesimama zaidi juu ya mlio safi kuliko mkwaruzo. Hata miongoni mwa vyombo vya umeme, Roland JC-120, iliyoingia sokoni mwaka 1975, ilijipatia sifa kwa usafi huohuo. Hata hivyo, spika zake mbili za inchi 12 hazina twita, na uzito wa karibu kilo 28 si mzigo wa daladala.

Mpenzi wa roki na bluzi, ambaye mkwaruzo ndiyo lugha yake, afanye kinyume: anunue chombo cha umeme, na gitaa kavu alipeleke moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi au kanisa kupitia kisanduku cha DI. Njia hiyo haina maana kwake ikiwa anapopiga hakuna mitambo.

Aidha, gitaa kavu lenye kinasa mtetemo cha piezo kisicho na betri huhitaji tundu lenye ukinzani wa ohmu milioni moja au zaidi. Pungufu ya hapo, besi hupotea. Gitaa hilo pia hupiga mluzi sauti inapokuwa kubwa, kwa sababu kasha lake hutetemeshwa na spika yenyewe. Kifuniko cha mpira kwenye tundu la kasha husaidia, na vikuza sauti vingi vya gitaa kavu vina kitufe cha kupunguza mluzi huo.

Dukani, mnunuzi aende na magitaa yote mawili na aombe kujaribu kwa sauti ya jukwaani, maana mluzi hausikiki chombo kikinong'ona. Muuzaji akikataa, maduka yapo mengine.