Vyuma na Judo: Mshika Mawili Ajipange

Mzazi mmoja alitujia hivi karibuni akiwa na dukuduku. Mwanawe wa miaka 17 hujifunza judo jioni tatu kwa juma. Tangu alipoanza kunyanyua vyuma kila asubuhi, kifua chake kimejaa na mabega yametanuka. Lakini mkekani huangushwa na wale aliokuwa akiwaangusha, na usiku hulalamikia goti. Baba alikwisha kuazimia kumkataza vyote viwili.

Tulimwomba asubiri. Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka, nasi hatuwapingi. Hata hivyo, kilichomponyoka kijana huyu ni mpangilio.

Jigoro Kano, aliyeasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, aliijenga juu ya kanuni ya kuitumia nguvu pale inapofaa zaidi. Vyuma basi ni msaidizi wa ufundi, wala havishiki nafasi yake. Bruce Lee, aliyesifika kwa wepesi, aliumia vibaya mgongo mwaka 1970 akifanya zoezi la kuinama na chuma mabegani. Ikamlazimu kuacha mazoezi kwa miezi kadhaa.

Msuli hauongezeki nguvu wakati wa kunyanyua, bali wakati wa kupumzika baada yake. Miguu iliyobebeshwa mzigo mzito huweza kubaki na uchovu kwa siku moja au mbili. Mguu uliochoka huchelewa kuingia katika mtupo, na goti ndilo hulipa.

Kwa hiyo tulipendekeza hivi. Judo ibaki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Vyuma viwe Jumanne na Jumamosi tu, mbele ya mwalimu, baada ya kuupasha mwili joto. Kazi nzito ya miguu iwe Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ni ya mapumziko. Mazoezi yawe machache: kuchuchumaa na chuma, kukiinua kutoka sakafuni, na kujivuta juu, ambako huimarisha mshiko. Kila awamu iwe ya marudio 5 hadi 8, naye aache akiwa bado na nguvu ya kurudia mara mbili. Kila juma la nne mzigo upunguzwe. Yote mawili yakiangukia siku moja, judo itangulie, mwili ungali mpya.

Aiangalie na mizani. Anayeshindana chini ya kilo 66 akizidisha misuli hujikuta katika daraja la kilo 73, mbele ya wapinzani wakubwa kuliko yeye.

Nyumbani nako kuna wajibu. Kijana wa umri huo huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na anayeamka kwa Sala ya Alfajiri hana budi kulala mapema. Maharage, dagaa na mayai vyamtosha kujenga misuli. Mwezi wa Ramadhani apunguze mzigo, na vyuma avinyanyue baada ya futari. Goti linaloendelea kuuma lionwe na daktari; kumwambia avumilie si malezi.

Baba yule hakumkataza mwanawe. Kila Jumapili jioni huketi pamoja na daftari wakiandika mazoezi ya juma lijalo. Goti limepoa, ingawa mkekani bado huangushwa mara moja moja. Mwili ni amana, na amana hutunzwa kwa hesabu.